Sekunde 16: Juma Ikangaa na Gharama ya Kukimbia Mbele

Mhadhara wa wazi, Ukumbi wa Chimwaga, Chuo Kikuu cha Dodoma



Nilipoombwa kuzungumzia maisha ya kazi ya mwanamichezo mstaafu, walionialika walidhani nitamleta Filbert Bayi. Wangekuwa na haki. Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch tarehe 2 Februari 1974, na mwaka uliofuata akaweka ya maili moja kule Kingston, Jamaika. Wengine walidhani nitamleta John Stephen Akhwari, aliyeingia uwanjani Mexico mwaka 1968 mguu umefungwa bendeji, mshindi akiwa ameshafika zamani. Hao wawili tumewasimulia mpaka masimulizi yenyewe yamechakaa kama noti iliyopita mikono mingi. Hawahitaji mhadhara wangu.

Nimemchagua mtu ambaye vitabu vya takwimu za riadha vinataja mahali alipozaliwa kwa neno moja tu: Dodoma. Tarehe ni 19 Julai 1957. Jina ni Juma Ikangaa.

Wanaomkumbuka Ikangaa wako makundi mawili. Kuna wanaomkumbuka kwa New York, Novemba 1989, aliposhinda na kuvunja rekodi ya njia ile. Na kuna wanaomkumbuka kwa kutikisa kichwa: yule wa nafasi ya pili, yule ambaye Boston ilimponyoka mara tatu mfululizo. Makundi haya yanazungumza kana kwamba ni watu wawili tofauti. Mimi nasema ni mtu mmoja na ni tabia moja. Ikangaa alikimbia mbele. Alitoka mbele mapema, akabaki mbele, akawaachia wengine kazi ya kumfuata. Tabia hiyo ndiyo iliyompa New York, na ndiyo hiyo hiyo iliyompokonya Brisbane, Fukuoka na Boston.

Tuanze na Brisbane. Oktoba 1982, Michezo ya Jumuiya ya Madola. Tanzania ilipeleka wakimbiaji wawili wa marathoni ambao ulimwengu ulimjua mmoja tu. Huyo alikuwa Gidamis Shahanga, bingwa mtetezi aliyeshinda marathoni ya Edmonton mwaka 1978, na ambaye siku chache kabla, pale pale Brisbane, alikuwa ametwaa dhahabu ya mita 10,000. Wa pili alikuwa Ikangaa, mwanajeshi wa miaka 25, mfupi, kimo chake kikizidi kidogo tu mita 1.6. Mwenyeji aliyetarajiwa kushinda alikuwa Robert de Castella wa Australia, ambaye Desemba iliyotangulia alikimbia Fukuoka kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 18. Muda huo kwa sasa nitausema kifupi kama wanavyousema wanariadha: 2:08:18.

Mbio zilianza alfajiri kukwepa joto. Watanzania wawili wakaondoka. Hawakusubiri kuona nani anafanya nini. Wakalivuta kundi mpaka likakatika, wakaenda peke yao. De Castella akabaki nyuma na tumbo lililokuwa likimsumbua, akipiga hesabu. Ilimchukua sehemu kubwa ya njia kuwafikia. Shahanga aliachwa kwanza. Ikangaa hakuachwa. Alipitwa, akarudi mbele, akapitwa tena, akarudi tena, huku barabara imejaa Waaustralia waliokuwa wanapiga kelele kwa mtu mwingine. De Castella alimaliza kwa 2:09:18, Ikangaa kwa 2:09:30. Wa tatu, Mike Gratton wa Uingereza, alifika zaidi ya dakika mbili na nusu baadaye. Waaustralia hawajaacha kuzisimulia mbio zile, na katika masimulizi yao Ikangaa ni mpinzani mkubwa, mwenye heshima zote. Kwetu sisi ni mstari mmoja katika orodha ya medali: fedha, marathoni, 1982.

Ikumbukwe pia Tanzania ya mwaka ule ilikuwaje. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha miaka mitatu tu nyuma. Sukari, sabuni, mafuta ya taa, vyote vilikuwa vya foleni. Taifa lililokuwa linahangaikia kipande cha sabuni lilikuwa na wakimbiaji wawili wanaoongoza marathoni ya Jumuiya ya Madola kwa nguvu zao. Jeshi ndilo lililowezesha mengi ya haya. Mkimbiaji mwenye mshahara wa jeshi, chakula cha jeshi na kocha alikuwa na kitu ambacho kijana wa kijijini mwenye mapafu mazuri kuliko yake hakuwa nacho: alikuwa na uhakika wa kula kesho. Sioni sababu ya kuona haya kulisema hilo.

Sasa Fukuoka, tarehe 4 Desemba 1983. Wakati ule Fukuoka, Japani, ndipo mabingwa wa marathoni walipokuwa wanakwenda kupimana. Toshihiko Seko alikuwa nyumbani, na Seko alikuwa na ufundi wake: alikaa nyuma ya bega la anayeongoza, kilomita baada ya kilomita, bila kusema kitu, bila kupokezana mzigo. Ikangaa aliongoza. Wakaingia Uwanja wa Heiwadai pamoja, zikiwa zimebaki mita chache katika kilomita 42. Hapo Seko akachomoka. 2:08:52 kwa 2:08:55. Sekunde tatu.

Nataka tutulie kidogo kwenye jambo hili la kukaa nyuma ya mtu, kwa sababu watazamaji wengi huliona kama ujanja wa mwoga, na wengine huliona kama akili tu. Ni fizikia. Mwaka 1971 Griffith Pugh, mtaalamu wa Kiingereza wa utendaji wa mwili, yule yule aliyekuwa na msafara wa Everest wa mwaka 1953, alichapisha matokeo ya vipimo alivyofanya kwa wakimbiaji kwenye chumba chenye upepo wa kutengenezwa. Aligundua kwamba anayekimbia kama mita moja nyuma ya mwenzake huondolewa sehemu kubwa mno ya mzigo wa hewa, hata asilimia 80 ya mzigo huo. Mzigo wenyewe si mkubwa kwa anayetembea. Lakini marathoni ya 2:08 inakimbiwa kwa karibu kilomita 20 kwa saa, na kwa mwendo huo hata siku isiyo na upepo mkimbiaji anajitengenezea upepo wake. Ninyi mnaoendesha baiskeli hapa Dodoma mwezi wa Agosti, upepo wa mashariki ukivuma, hamhitaji Pugh. Mnajua tofauti ya kwenda na kurudi.

Kwa hiyo Seko alipokaa nyuma ya Ikangaa kwa saa mbili, alikuwa anaweka akiba kutoka kwenye mfuko wa Ikangaa. Mita 100 za mwisho akaitumia. Kanuni hazikatazi. Na sitaki mtu atoke hapa akidhani ninamlaumu Seko. Alikimbia kama mtu anayezijua nguvu zake, na kwenye mita za mwisho alikuwa na kasi ambayo Ikangaa hakuwa nayo. Ndipo tunapofika kwenye swali linaloulizwa kila mara: kwa nini basi Ikangaa naye asikae nyuma?

Jibu langu ni kwamba asingeshinda chochote. Mkimbiaji asiye na mbio za kumalizia akikaa nyuma mpaka mwisho, anawapa wenye mbio hizo zawadi. Njia pekee aliyokuwa nayo ni kuifanya kilomita ya 30 iwe ngumu kiasi kwamba ikifika ya 42 hakuna aliyebaki na mguu wa kuchomoka. Mara nyingi ilifanya kazi. Alishinda ubingwa wa Afrika kule Cairo mwaka 1982, Melbourne mwaka 1983, Tokyo mwaka 1984. Alirudi Tokyo mwaka 1986 akashinda tena kwa 2:08:10, nyuma yake akiwaacha Waethiopia Belayneh Densimo na Abebe Mekonnen. Huyo Densimo miaka miwili baadaye, kule Rotterdam, aliweka rekodi ya dunia ya 2:06:50 ambayo ilidumu miaka kumi. Desemba ya mwaka huo huo wa 1986 Ikangaa alishinda Fukuoka, pale pale Seko alipomnyang'anya miaka mitatu kabla. Mwaka 1987 alishinda Beijing. Orodha hii peke yake inatosha kazi ya mtu mmoja, nami naipita haraka kwa sababu ushindi hauelezi mengi kumhusu kama Boston inavyoeleza.

Boston ni marathoni kongwe, inakimbiwa karibu kila mwaka tangu 1897. Inaanzia kijiji cha Hopkinton na kuteremka kuelekea mjini, halafu inapokaribia theluthi ya mwisho inakutana na vilima vya Newton, miguu ikiwa imeshapondwa na mteremko. Anayetoka kwa kasi pale hujilipia vilimani. Mwaka 1986 waandaaji walianza kutoa zawadi za fedha, na wakimbiaji wakubwa wakaanza kumiminika.

Aprili 1988 Ikangaa na Mkenya Ibrahim Hussein walibaki wawili. Ikangaa mbele. Karibu na mstari Hussein akampita. 2:08:43 kwa 2:08:44. Sekunde moja, na kwa mwendo waliokuwa nao sekunde moja ni kama mita tano na nusu, chini ya urefu wa magari mawili madogo. Hussein akawa Mwafrika wa kwanza kushinda Boston. Ikangaa akawa wa pili wake, na historia haina sehemu ya kuwaandika wa pili wa kwanza.

Mwaka 1989 alikuwa wa pili nyuma ya Mekonnen, yule yule ambaye yeye Ikangaa alimwacha nyuma Tokyo mwaka 1986. Mwaka 1990 akafanya jambo ambalo makocha bado wanalitumia kuwaonya vijana: alikimbia nusu ya kwanza kwa mwendo wa kasi kuliko rekodi ya dunia. Gelindo Bordin wa Italia, bingwa wa Olimpiki wa Seoul, hakumfuata. Alisubiri vilima, akampita, akashinda kwa 2:08:19. Ikangaa, baada ya kujiunguza namna ile, alimaliza kwa 2:09:52 na bado akawa wa pili. Mimi hapo ndipo ninapomheshimu zaidi. Mtu aliyekimbia hivyo akapasuka kwa kawaida huonekana amekaa ukingoni mwa barabara.

Sasa hesabu ndogo. Brisbane alikosa dhahabu kwa sekunde 12. Fukuoka 1983 alikosa kwa sekunde 3. Boston 1988 alikosa kwa sekunde 1. Jumla ni sekunde 16, katika mbio tatu zenye zaidi ya kilomita 126 zikiunganishwa. Ondoa sekunde hizo 16 na leo tungekuwa tunazungumzia bingwa wa Jumuiya ya Madola, bingwa mara mbili wa Fukuoka na Mwafrika wa kwanza wa Boston. Mapafu yangekuwa yale yale, na mazoezi yale yale. Jina lake tu ndilo lingekuwa kwenye shule na barabara nyingi zaidi.

Kwenye Olimpiki hakupata medali. Los Angeles 1984 aliongoza kundi kwa muda mrefu, akamaliza wa 6. Aliyeshinda ni Carlos Lopes wa Ureno, mwenye miaka 37. Seoul 1988 alikuwa wa 7. Barcelona 1992, miguu ikiwa imechoka, wa 34. Kuna anayeweza kusema kwamba nafasi ya 6 na ya 7 duniani ni kushindwa. Huyo hajawahi kufika kwenye nafasi ya 600.

Niruhusuni niruke nje ya riadha kidogo. Yuko mchezaji wa tenisi wa Urusi, Elena Dementieva, ambaye mwaka 2004 alifika fainali mbili kubwa, ya Paris na ya New York, akapoteza zote mbili. Aliendelea kucheza, akapata dhahabu ya Olimpiki Beijing mwaka 2008, akastaafu mwaka 2010. Hakuwahi kushinda taji lolote kati ya yale manne makubwa akiwa peke yake, na watu wa tenisi bado wanabishana jinsi ya kumpima. Ila mchezaji wa tenisi akipoteza Jumamosi, baada ya wiki yuko mji mwingine na raketi yake. Mkimbiaji wa marathoni anapata nafasi mbili, pengine tatu, kwa mwaka. Mwili haumruhusu zaidi. Kwa hiyo Ikangaa alipopitwa Boston mwezi wa Aprili, aliyabeba maumivu yale miezi kadhaa kabla ya kupata pa kuyatua.

Mwaka 1989 aliyatua New York. Tarehe 5 Novemba. Njia ya New York haina huruma ya Boston; ina madaraja, na kila daraja ni mlima. Inaanzia kisiwa cha Staten, inapita Brooklyn na Queens, inagusa Bronx, inaishia bustani ya Central Park, nayo ina pandashuka zake. Ikangaa aliondoka kama kawaida yake. Safari hii hakukuwa na Seko begani wala Hussein. Alikimbia sehemu kubwa ya njia peke yake, akavunja utepe kwa 2:08:01. Mmarekani Ken Martin, wa pili, alikuwa zaidi ya dakika moja na nusu nyuma. Rekodi ya njia ile ilikuwa 2:08:13 ya Alberto Salazar, tangu 1981. Ile ya Ikangaa ilisimama miaka 12, mpaka Mwethiopia Tesfaye Jifar alipoivunja mwaka 2001. Katika miaka hiyo 12 walipita pale mabingwa wa Kenya, Mexico, Italia na Afrika Kusini. Hakuna aliyeigusa.

Yapo maneno yanayonasibishwa na Ikangaa ambayo leo yanabandikwa kwenye kuta za kumbi za mazoezi nchi za mbali, maana yake ikiwa kwamba hamu ya kushinda haina thamani bila hamu ya kujiandaa. Wengi wanaoyabandika hawajui aliyeyasema ni mwanajeshi wa Tanzania. Sina ugomvi na maneno hayo, ila nadhani miguu yake ilisema kitu kikali zaidi: mtu aliyejiandaa sawasawa anaweza kukubali kuubeba upepo wa wote.

Na hapa nataka niseme jambo ambalo sijaona likizungumzwa vya kutosha. Siku hizi mbio kubwa za barabarani, kama London na Berlin, hukodi wakimbiaji wa kuvuta kasi. Wanasaini mkataba, wanaambiwa kilomita moja iende kwa dakika ngapi, wanakata upepo mpaka kilomita ya 25 au ya 30, wanatoka, wanalipwa. Nyakati za ajabu tunazoziona leo zimejengwa juu ya kazi hiyo, pamoja na viatu vipya. Ikangaa aliifanya kazi ile ile kwa hiari yake, na alipofika kilomita ya 30 hakutoka. Ukitazama mbio za miaka ya themanini, mara nyingi muda wa mshindi umo ndani ya jasho la Ikangaa. Seko asingekimbia 2:08:52 siku ile bila yeye. Hussein asingekimbia 2:08:43.

Baada ya kuacha kushindana hakupotea kwenye riadha. Tunamfahamu kama Kanali mstaafu, na kwa miaka kadhaa amekuwa balozi wa shirika la maendeleo la Japani, JICA, hapa nchini. Kupitia kazi hiyo, pamoja na Baraza la Michezo la Taifa, yalianzishwa mwaka 2017 mashindano ya riadha ya wanawake yanayoitwa Ladies First. Wajapani hawakumsahau. Walimwona Fukuoka na Tokyo akipoteza na akishinda, na inaonekana waliviheshimu vyote viwili kwa kiwango kimoja.

Sasa nije kwenye Septemba 2025, kwa kuwa najua vijana mmekuwa mkisubiri nilitaje jina hilo. Alphonce Simbu, jirani yetu wa Singida, na yeye mwanajeshi, alishinda ubingwa wa dunia wa marathoni kule Tokyo. Muda wake 2:09:48. Muda wa Amanal Petros wa Ujerumani, 2:09:48. Ilibidi picha itazamwe: sehemu tatu za mia za sekunde. Ni dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha. Miezi mitano kabla, Simbu alikuwa wa pili Boston, kama Gabriel Geay alivyokuwa wa pili mwaka 2023, kama Ikangaa mara tatu kabla yao. Boston inatudai, au sisi tunaidai, sijui.

Simbu alishindaje Tokyo? Alikaa ndani ya kundi, akatunza nguvu, akachomoka mwishoni kabisa. Kwa neno moja, alishinda kama Seko. Mtu anaweza kusema basi historia imemhukumu Ikangaa: mbinu ya kukaa nyuma ndiyo iliyoleta dhahabu. Sikubali. Simbu ana mbio za kumalizia, akazitumia. Siku ile ya joto la Tokyo, kuongoza kungekuwa kujiua, na alilijua hilo. Ikangaa alikuwa na injini tofauti, akakimbia kwa injini aliyopewa. Kosa ambalo naliona kwa baadhi ya makocha wetu ni kumfundisha kila kijana mbinu ya bingwa wa mwisho kushinda. Baada ya Bayi, aliyeongoza tangu mlio wa bastola, kila mtoto alitaka kukimbia mbele. Baada ya Simbu, kila mtoto atataka kusubiri. Mtazameni kijana mwenyewe kwanza, muone Mungu amempa nini.

Namalizia na ombi, na ombi langu ni kwenu wanafunzi wa historia na wa elimu ya michezo wa chuo hiki. Yote niliyoyasema leo nimeyapata kwenye matokeo na kumbukumbu ambazo nyingi zimehifadhiwa na Waaustralia, Wajapani na Wamarekani. Wao wana picha, wana muda wa kila kilomita tano. Sisi hatuna daftari la mazoezi la miaka ile, hatuna sauti ya makocha, hatuna maelezo ya waliokuwa wanakimbia naye alfajiri kabla ya zamu. Wengi wa kizazi kile wangali hai, katika Dodoma, Singida, Manyara, Arusha na Dar es Salaam. Chukueni simu zenu, nendeni mkawarekodi, mkaulize walikimbia wapi, walikula nini, waliongea nini ndani ya ndege wakirudi na fedha badala ya dhahabu, mkalete kanda hizo kwenye maktaba ya chuo hiki. Anzeni mwaka huu.